Mashuka tulitoa, hatukupewa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukusumbua. Majina ya vijiji vyetu mkiyakosea nanyamaza. Siku mlipoweka picha ya mbunge mmoja na maelezo ya mwingine, nilicheka na wenzangu kibandani tukaendelea na kahawa yetu. Lakini ile habari ya mashuka ya wodi ya wazazi imenifikisha mahali nimeazima kalamu ya mjukuu.

Mliandika kwamba wazee waliopigana Vita vya Kagera wamepokea msaada wa mashuka. Hatukupokea shuka hata moja. Tulitoa. Yalinunuliwa na chama chetu cha wazee wa vita kwa ada za wanachama na fedha ya kahawa ya shamba letu la pamoja, baada ya binti wa mwenzetu kujifungua akalazwa kwenye godoro tupu. Yule mheshimiwa mliyemweka katikati ya picha tulimwalika awe mgeni rasmi. Alikuja amechelewa, akashika pindo la shuka alipoombwa na mpiga picha, akapanda gari. Mwandishi wenu alipanda gari hilohilo. Kati yetu sisi wenye mashuka hakuna aliyeulizwa hata jina.

Sasa sikia kilichofuata, maana ninyi mkishachapa mnageukia habari nyingine. Gazeti lilipofika huku, wajane wa wenzetu walianza kumfuata mweka hazina nyumbani kwake wakitaka mgao. Mmoja alikuja na mwanawe kutoka Mwanza, ukurasa wenu mkononi, anauliza ya marehemu mume wake yako wapi. Mweka hazina wetu ni mtu ambaye daftari la chama analifunga kwa nailoni lisinyeshewe. Alitoa risiti ya duka. Akaambiwa risiti hata mwizi anazo. Mkutano wa tawi ulioitishwa kuzungumzia turubai letu lililochanika uligeuka kesi, watu wakanyoosheana vidole, mama mmoja akasema wazee wa vita wamekula hata mashuka. Mzee yule aliondoka kabla ya maombi ya kufunga na hadi leo daftari amelikabidhi kwa katibu, hataki kulisikia. Wote wanaotugombanisha wana ushahidi mmoja, nao ni gazeti lako. Nikiwaeleza kwamba mwandishi amekosea, wananijibu: mzee, imeandikwa.

Na kwa kuwa mwandishi wenu aliviita vita vya 1979, nimsahihishe hapohapo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, mkoa huu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera likavunjwa, watu wa kaskazini ya mto wakakimbia na watoto na mbuzi, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere alitangaza redioni kwamba sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mimi nilikuwa mgambo wa kijiji. Machi 1979 nilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye barabara inayokatiza bwawa, katika brigedi ya 201, na wengi wetu tulikuwa mgambo. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitupiga usiku mmoja tukatawanyika, na kulipokucha tukarudi, wenzetu wa 208 wakawazunguka, wakakimbia wao. Kampala iliangushwa Aprili 11. Mambo haya hayahitaji utafiti. Yanahitaji mtu akae kwenye benchi letu na aagize kikombe.

Vita vilipokwisha, askari wa kudumu walibaki jeshini na baadaye wakapata pensheni zao. Mgambo tulirudi kwenye migomba. Suala letu limeulizwa bungeni mara nyingi na limejibiwa mara nyingi, sitalirudia hapa. Ndiyo maana tuna chama. Mwenzetu akifa, turubai ni letu, viti vyetu, sanda tunanunua, na mjane tunamsindikiza kufuatilia karatasi za mirathi mpaka zitoke. Tunafanya haya kimya, na labda kosa ni hicho kimya.

Juzi nilimpeleka hospitali mwenzangu ambaye bado ana kipande cha bomu pajani. Kuna dirisha lenye maandishi makubwa ya wazee, mpishe mzee apate huduma kwanza. Wametupisha kweli, hilo nakiri, maana mbele yetu hapakuwa na mtu wala nyuma ya kioo hapakuwa na mtu. Kijana alipokuja akauliza jeraha la lini. Tukasema la Vita vya Kagera. Akafikiri kidogo, akauliza kama ndivyo vile vya Majimaji. Mwenzangu, ambaye ni mpole kuliko mimi, alimwambia hapana mwanangu, Majimaji alipigana babu ya babu yako. Matibabu bure, akaandika vizuri kabisa, na dawa akasema hakuna, mkanunue nje. Nje ni duka lililo mkabala na geti, ambalo sijawahi kusikia limeishiwa dawa yoyote. Mwandishi wenu angeanzia hapo angepata ukurasa mzima, tena wa mbele. Duka linajua nini kitakosekana hospitali kabla ya hospitali yenyewe! Fedha za dawa zilitoka wapi? Kwa mweka hazina yuleyule mliyemfanya mwizi.

Siombi fidia. Naomba masahihisho, ukurasa uleule, picha kwa ukubwa uleule. Mheshimiwa mkitaka abaki, abaki, amependeza. Ila maelezo chini yaseme nani alinunua. Risiti tutawaletea mwipige picha, mradi irudi siku hiyohiyo. Nakala moja ya gazeti hilo tutaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na nyingine atapelekewa yule kijana wa Mwanza, kwa gharama yenu.

La pili. Hapa Muleba tuna Kaboya, walikolazwa mashujaa zaidi ya 600 wa vita vile. Kila Julai 25 waandishi hujaa kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kuangalia viongozi wakiweka mkuki na ngao na sime, na mzee wa vita akiweka shoka. Mwakani msimtume mwandishi yule siku ya sherehe. Mtumeni Jumamosi ya kabla yake, saa moja asubuhi, tufyeke naye majani ya njia ya kwenda kwenye makaburi ya kijiji walikozikwa wenzetu waliofia nyumbani, ambako hakuna mgeni rasmi. Aje na panga lake, maana ya kwetu yana mipini mibovu, na avae buti. Chai ipo. Nauli ajitegemee.

Mgambo mstaafu,
Muleba, Kagera