Orodha ya nyimbo haitoshi: maandalizi ya muziki kabla ya kujifungua

Wajawazito wengi wanaotupigia simu huanza na ombi moja: "Nitumieni nyimbo za kusikiliza leba." Kuziandaa si kazi. Tatizo ni kwamba mama akikutana nazo kwa mara ya kwanza uchungu ukiwa umeshapamba moto, zitamsaidia kidogo tu, na wako wanaoomba zizimwe kabla wimbo wa pili haujaisha. Tiba ya muziki tunayoitoa sisi hufanyika wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na sehemu kubwa yake ni mazoezi ya mwili.

Sababu ni hofu. Mama anapoogopa, mwili humwaga adrenalini, misuli hukaza, pumzi huwa fupi, na oksitosini, ile homoni inayosukuma uchungu, inaweza kupungua kasi. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alieleza tangu miaka ya 1930 jinsi hofu inavyoleta mkazo, mkazo ukaongeza maumivu, na maumivu yakazidisha hofu. Si yote aliyoyaandika tunayakubali, maana alielekea kuamini kwamba mama asiyeogopa karibu hatasikia maumivu. Atayasikia. Ila kukata ule mzunguko kunawezekana. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba taarifa za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo hupita mahali panapoweza kubanwa au kuachwa wazi, na kwamba ubongo nao una mkono wake hapo, kutegemea umakini na hisia za mtu. Muziki huingia kwa mlango huo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, limeutaja pamoja na upumuaji na kulegeza misuli kama njia za kupunguza maumivu kwa mama mwenye afya njema anayezitaka. Tafiti zenyewe nyingi ni ndogo na hazilingani kwa ubora. Zinachoonyesha zaidi ni kupungua kwa wasiwasi, na nafuu ya maumivu hasa katika hatua za mwanzo.

Kikao cha kwanza huwa cha maongezi. Tunamuuliza mama ni wimbo gani ukianza mabega yanashuka yenyewe, na upi hataki kuusikia kabisa. Swali hili la pili ndilo muhimu. Wimbo ambao sisi tungeuona mtulivu kuliko yote unaweza kuwa ndio uliopigwa kwenye msiba wa mama yake. Kwa kawaida nyimbo za kutuliza huwa na mapigo kama 60 hadi 80 kwa dakika na hazina kishindo cha ghafla, lakini kama mama analegezwa na kitu kingine, anachosema yeye ndicho tunachokifuata.

Katika nyimbo hizo tunachagua mmoja, na huo hautumiki kwa shughuli nyingine yoyote. Haupigwi jikoni wala kwenye gari. Kila jioni mama analala ubavu, mto katikati ya magoti, wimbo unaanza, naye anavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, huku akilegeza miguu, nyonga, mikono, na mwisho uso. Utaratibu ni uleule, siku baada ya siku, mpaka mwili uanze kulegea mara tu wimbo unapoanza, kabla hata hajakumbuka kuhesabu.

Baada ya hapo tunaleta barafu. Mama anafumbata kipande cha barafu kwa dakika moja, maana mkazo mmoja wa uchungu nao huchukua kama muda huo, kwanza bila muziki, kisha na wimbo wake. Hapa ndipo mengi hujitokeza. Vidole vya miguu vinajikunja bila yeye kujua, taya linakaza, pumzi inabanwa kifuani. Yule atakayekuwa naye leba, awe mume, dada au rafiki, anakaa mbele yake akijifunza kuziona dalili hizo. Siku ya siku mama hatakumbuka kulegeza taya, kwa hiyo lazima awepo wa kumgusa shavu na kumkumbusha. Mama naye tunamfundisha kuguna kwa sauti nzito anapotoa pumzi. Pumzi inarefuka na taya linaachia lenyewe. Wengine huona aibu mwanzoni, halafu wanazoea.

Uchungu ukianza, saa za mwanzo ndizo muziki unapofaa kuliko wakati wowote. Mlango wa kizazi haujafunguka kufikia sentimita 5, mama bado anatembea, anayumba kiuno, anaegemea ukuta. Wakati huu hata nyimbo za kuchezeka zinafaa. Mikazo ikishakuwa mitatu minne ndani ya dakika kumi, wengi hutaka wimbo wao ule mmoja unaojirudia, na wapo wanaotaka kimya kabisa. Zima. Muziki unaomkera mama hauna kazi pale. Spika ndogo ni bora kuliko za masikioni, na kama ni lazima za masikioni, avae upande mmoja tu ili amsikie mkunga. Uliza mapema kama hospitali yako inaruhusu, na hifadhi nyimbo kwenye simu badala ya kutegemea intaneti. Anayefanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo huwa macho, hivyo naye anaweza kuwa na wimbo wake timu ikikubali.

Kuhusu mtoto tusidanganyane. Hatuuzi akili, yaani hatusemi kwamba muziki wa tumboni utamfanya mtoto awe na akili zaidi. Ule utafiti maarufu wa mwaka 1993 uliohusisha muziki wa Mozart ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo, ukapima aina moja ya majaribio ya maumbo, na athari yake ilidumu dakika chache. Hakukuwa na mimba hata moja. Tunachokijua ni kwamba mtoto huanza kuitikia sauti karibu na wiki ya 25 hadi 28, kwamba sauti nzito hupenya vizuri kuliko nyembamba, na kwamba sauti ya mama humfikia kwa kupitia mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga hubadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo mwimbie wewe mwenyewe, hata kama sauti inakwaruza. Usibandike spika tumboni. Akishazaliwa, endelea kumwimbia. Utafiti uliotoka mwaka 2018 Uingereza uliona kwamba kina mama wenye dalili za sonona baada ya kujifungua waliohudhuria vikundi vya kuwaimbia watoto wao walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida pekee.

Hatuchukui nafasi ya kliniki, wala hatumshawishi mtu kukataa sindano ya ganzi. Ukiona damu, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au chupa imepasuka, nenda hospitali au piga simu huko. Na anayetujia akiwa na huzuni nzito isiyoondoka tunampeleka kwanza kwa daktari, hata kama alikuja kwa ajili ya nyimbo tu.

Wakati mzuri wa kuanza ni kati ya wiki ya 26 na ya 32. Ukija wiki ya 36 tutafupisha, tuchukue wimbo mmoja, pumzi na taya, basi. Njoo na nyimbo zako, hata zile unazoona haya kuzitaja, na uje na mtu atakayekaa nawe leba. Kama haamini mambo haya mlete hivyohivyo. Tutaanza kwa kumshikisha yeye barafu.