Tahadhari ya upepo mkali inawahusu pia wenye droni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wapiga picha wenzangu, na hasa wale wanaotukodi, jambo linaloleta hasara isiyo ya lazima msimu wa kusi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wengi wetu huichukulia kuwa ni habari ya wavuvi na abiria wa boti. Lakini kilomita 40 kwa saa ni zaidi kidogo ya mita 11 kwa sekunde, ilhali droni ndogo tunazorusha kwenye harusi na resi za ngalawa, kama vile DJI Mini 3 isiyofika gramu 250, mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba zinahimili upepo usiozidi mita 10.7 kwa sekunde. Siku ambayo nahodha wa mashua anaambiwa achukue tahadhari, basi, mwenye droni ya aina hiyo anatakiwa kuiacha mkobani.

Kinachotudanganya ni utulivu wa picha. Droni ikipigwa na upepo haiyumbi kama kishada, bali hujiinamisha kuuelekea, mota zikaongeza nguvu, na kamera ikajisawazisha kwenye kishikio chake hata mstari wa upeo wa bahari ukaonekana umenyooka, na anayetazama skrini akaamini kwamba huko juu kumetulia. Anayetaka ukweli na asikilize mlio wa mapanga, ambao huacha kuwa wa sawasawa ukawa unapanda na kushuka kwa kila mkupuo wa upepo, kisha atazame asilimia za betri zinavyokwenda. Zile dakika 38 za kuruka zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pasipo na upepo.

Jambo la pili ni upande unakotoka upepo, na hapa Unguja jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kusi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo Paje na Jambiani huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na droni iliyozidiwa itasukumwa kuelekea minazini, ambako angalau mwenyewe anaweza kwenda kuitafuta. Mjini ni kinyume chake: upepo ule ule hupita juu ya mapaa ya Mji Mkongwe ukatokea baharini. Mtu aliyesimama Forodhani amekingwa na kuta za Ngome Kongwe, moshi wa majiko ya mishikaki anauona unapanda taratibu, naye akasema leo hakuna upepo. Akairusha, ikavuka kimo cha mapaa, na kwa kuwa anazifuata ngalawa, ikaenda na upepo kwa raha zote.

Tabu ni kurudi. Kasi ya juu kabisa ya droni niliyoitaja, kwenye hewa tulivu, ni mita 16 kwa sekunde, na hiyo ni katika ile hali ya mwendo kasi inayokula betri upesi. Upepo wa mita 10 ukiwa mbele yake, hubaki mita 6 tu za kusonga, kwa hiyo mita 900 zitachukua dakika 2 na nusu. Ukija mkupuo wa mita 14, hubaki mita 2, na katika mwendo wa kawaida huenda isisogee kabisa. Mabaharia wetu wanajua kwamba kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, kunataka muda, nao hupanga safari wakilijua hilo. Sisi nasi tuanze kwa kuipeleka droni upande unakotoka upepo, betri ikiwa imejaa, ili irudi ikisukumwa.

Wengine hutegemea kitufe cha kurudi nyumbani. Kitufe hicho kina faida zake, lakini kama droni iko chini ya kimo kilichowekwa, kwanza hupanda, na juu ndiko upepo uliko mkali zaidi, wala hesabu ya betri inayofanywa na programu haiwezi kuujua mkupuo ambao haujafika. Droni ikionekana haisogei, rubani na asitishe amri hiyo, aishushe huku akichunga milingoti na watu, kwa sababu karibu na uso wa bahari au ardhi upepo hupungua. Kutua nako kufanyike mahali pa wazi. Nyuma ya ukuta mrefu hewa hujiviringisha na inaweza kuipindua droni ikiwa imebakiza kimo cha mtu tu, na huko ndiko watoto wa harusini hupenda kukimbilia.

Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ni cha lazima, ila hakitulizi upepo. Ndiyo maana ombi langu ni kwa familia na waandaaji wa matamasha: mkubaliane na mpiga picha tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba akisema leo droni hairuki halaumiwi wala hakatwi malipo ya picha anazopiga akiwa ardhini. Na wenye maduka, kabla hawajapokea fedha, wamwoneshe mnunuzi mstari wa kiwango cha upepo katika kitabu cha maelekezo. Kwa kawaida umo pamoja na vipimo vya uzito na kasi.

Mpiga picha,
Mjini Unguja