Naomba ruhusa ya picha yako ya mizinga

Kigoma,
Jumapili jioni

Mama Rehema mpendwa,

Habari za siku nyingi? Bibi hajambo? Mpe shikamoo yangu, umwambie asali ilifika salama na watoto wameshaimaliza. Huku tu wazima, mvua inasuasua ila dagaa wapo.

Nakuandikia kwa ajili ya ile picha uliyoiweka status mwezi uliopita, mzinga wa gome uko juu ya mti na mzee ameshika kamba chini. Niliipenda, nikaipiga skrinishoti. Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha pili anatengeneza bango la ufugaji nyuki, nikamwonyesha. Akaitazama, akaniuliza, "Mwalimu, mwenyewe ameruhusu?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana ya barua hii.

Swali hilo kalipata darasani kwangu, nami nimelipata kwa uchungu. Muhula uliopita tulifanya maonesho ya kazi za wanafunzi, wazazi wakaja, na kati yao fundi picha mmoja wa Ujiji. Akasimama mbele ya bango la uvuvi, kimya, muda mrefu. Picha ilikuwa ya mitumbwi ya Kibirizi alfajiri, taa bado zinawaka. Ilikuwa yake. Jina lake lilikuwa kona ya chini kulia, vijana wakalikata ili picha ikae vizuri kwenye karatasi. Chini wakaandika "Chanzo: Google". Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, usiku ule nililala ufukweni." Nilishindwa kumtazama usoni.

Hayo maneno "Chanzo: Google" nimeyapitisha miaka yote! Ni kama mtu akuulize dagaa hawa umenunua kwa nani, umjibu "sokoni". Google haipigi picha, inakuonyesha tu zilipo. Na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitaja picha kati ya kazi zinazolindwa, iwe zimepigwa kwa kamera kubwa au kwa simu yako.

Sasa tunaanzia Wikimedia Commons, ghala la picha lililofunguliwa mwaka 2004. Picha za meli ya Liemba zimo, na za sokwe wa Gombe. Kila picha ina ukurasa unaosema nani kaipiga na kwa leseni gani. Zile herufi za Creative Commons, leseni zinazosema picha itumikeje, vijana wamezishika haraka kuliko nilivyotarajia: BY, mtaje mwenyewe, NC, usifanyie biashara, ND, usiibadilishe na kuisambaza, SA, ukiigeuza na kuitoa, itoke kwa leseni ileile. CC0 mwenyewe ameachilia haki zake, lakini hata hiyo nawataka wamtaje. Wakitafuta Google, wanagusa Zana, kisha Haki za Matumizi, halafu lazima wafungue ukurasa wenyewe wahakikishe. Chini ya picha wanaandika jina la picha, aliyeipiga, ilikotoka, na leseni. Mmoja alilalamika kuwa maelezo yamekuwa marefu kuliko kichwa cha habari. Nikamwambia ayaandike kwa herufi ndogo, lakini ayaandike.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni usalama. Hata Commons haichujwi kwa ajili ya watoto. Neno la kawaida kabisa linaweza kukuletea mtu yuko uchi. Kwa hiyo maneno ya kutafutia nayajaribu mwenyewe usiku kabla ya kipindi, na kichujio cha Google nakiwasha. Halafu kuna zile kurasa zenye vitufe vitatu vya "Pakua", viwili ni matangazo. Kijana alibonyeza kimoja kwenye simu ya baba yake, ikaingia programu iliyomjazia matangazo hadi skrini ya kupiga simu. Wewe umewahi... lakini hili tutaongea.

Turudi kwenye mizinga. Kuna jambo nimelielewa hivi karibuni: leseni ni ya mpiga picha, sura ni ya mtu mwenyewe. Wewe unaweza kuruhusu, lakini yule mzee je? Kijana wangu anataka kukuandikia barua ya kuomba ruhusa kwa mkono wake, nimemwachia. Itakufikia wiki hii kwa basi, tafadhali mjibu yeye, usinijibu mimi. Nataka aone kwamba ukiomba unajibiwa.

Fundi wa Ujiji tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi. Bango limerudi ukutani, jina lake liko pale pale kona ya chini.

Sasa nijibu: picha uliipiga wewe, au ni ya shemeji? Jina liandikwe lipi, lako la shuleni au Mama Rehema? Mzee alijua kuwa unampiga, na ukimuuliza leo atakubali abandikwe ukutani Kigoma? Tukiikata pembeni utaona vibaya? Na wanafunzi wako huko Tabora, wao wanaandika nini chini ya picha zao?

Wako,
Mama Imani