Barua kwa vijana wanaosomea upigaji picha Zanzibar

Assalaam alaykum wanangu,

Nimezitazama potifolio, yaani mikusanyo ya picha zenu, mnazoandaa kwa maombi ya vyuo na kazi. Jua linazama Forodhani, mlango wa Mji Mkongwe wenye misumari ya shaba, watoto wanajitupa baharini, paka, bibi harusi, tena paka. Picha moja moja ni nzuri. Zikiwekwa pamoja simjui mpigaji. Angeweza kuwa mgeni aliyeshuka boti jana.

Shikeni jambo moja mlifuate mwaka mzima. Nasema jambo la karibu, mnalolifikia kwa nauli ya daladala, maana kazi hii yote ni kurudi.

Chukueni mafundi wa majahazi wa Nungwi. Siku ya kwanza watasimama mbele ya chombo wamekakamaa kama wa picha ya pasipoti, na hiyo kila mtalii anayo. Rudini mpaka wawazoee, wasiwageukie tena. Hapo ndipo mtamwona kijana anayekalafati, anaisindika pamba kwenye upenyo wa mbao, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Mtaona mkono unavyovuta na kusukuma upinde wa keekee, ile ya kutobolea mbao. Mtajua mwanga unaingia saa ngapi chini ya makuti. Na mtaanza kuuliza mbao zinatoka wapi, nani anaagiza chombo siku hizi, kijana analipwa nini. Majibu hayo ndiyo yatakayowaambia picha gani bado hamjapiga.

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mji mmoja tu, miaka nenda miaka rudi, na leo anayetaka kuwaona Waunguja wa zamani anabisha hodi pale. Kule Lubumbashi, Kongo, mpigapicha Sammy Baloji alichukua picha kuukuu za wafanyakazi wa migodi akazibandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za magofu ya migodi hiyohiyo. Mji wake wa kuzaliwa, hakwenda mbali. Kwa hiyo waulizeni mafundi kama wana picha za wazee wao.

Ombeni ruhusa, na kwa mtoto muulizeni mzazi. Akikataa, basi. Wapelekeeni picha zilizochapwa. Ukimpa mtu yake mkononi, safari ijayo utaitwa chai. Maelezo yaandikeni usiku uleule, kabla majina hayajapotea.

Kwenye kuchagua ndiko mnakoumia. Chapisheni ndogondogo, zitandazeni mkekani, mbakishe kama ishirini. Picha unayoipenda kwa kuwa uliamka alfajiri kuipiga, itoe. Anayetazama haujui usingizi wako.

Mwenye kazi ya jambo moja aniletee baada ya Idi, iwe imechapwa. Za kwenye simu sizitazami, macho yangu yamekataa.