Kampani ya kulipwa: barua kwa mpwa wangu kutoka Berlin

Berlin, Novemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama'ako na kwa wote hapo Likoni. Huku tu wazima, baridi ndiyo imeingia. Hongera kwa kufaulu mtihani wa Kijerumani wa B1. Usilale sasa, maana shule nyingi za uuguzi zitakudai daraja la juu yake, B2.

Swali lako wengi huliona haya. Wenzako waliotangulia wamekwambia kwamba kwenye nyumba za wazee huku wamo wanaume wasio na mke wala mtoto, wanaotembelewa na mwanamume wa umri mdogo sana kuliko wao, na mgeni huyo akitoka ameshika bahasha. Unataka kujua ni nani anayedhulumiwa pale, mzee au mgeni, na wewe uliyevaa sare ufanye nini. Nakujibu kama mjomba ambaye ni shoga na mzee kwa pamoja, kwa hiyo usitarajie nikae katikati. Mama'ako akiisoma hii atasema nakuzeesha kabla ya wakati. Mwambie unakuja kuwaogesha watu, na anayeogesha watu hana budi kujua wanaishije.

Msimamo wangu nautanguliza: kulipia kampani hakuna aibu. Mambo huharibika pale bei isipotajwa.

Ili uelewe, jua wazee hawa wametoka wapi. Kifungu 175 cha sheria ya jinai, kilichokataza wanaume kulala na wanaume, kiliwapata watu wa nchi hii tangu 1871. Wanazi wakakikaza 1935, na Ujerumani Magharibi ikakiacha hivyohivyo hadi 1969. Katika miaka hiyo ishirini baada ya vita walihukumiwa wanaume wapatao 50,000. Kilifutwa kabisa 1994. Sasa piga hesabu: mzee wa miaka 82 utakayemshika mkono kwenda chooni alikuwa na miaka 26 mwaka 1969. Ujana wake wote, mwanamume aliyemlipa kwa usiku mmoja alikuwa na uwezo wa kumpeleka jela. Kwa hiyo alilipia vitu viwili, muda wa mtu na ukimya wake. Bei ya muda ilijulikana. Ya ukimya haikuwa na mwisho.

Ndiyo maana utawaona na tabia zao. Hataji jina la ukoo la mgeni. Hataki jina liandikwe kwenye daftari la mapokezi. Noti zinakunjwa mara nne, zinawekwa chini ya saa ya mezani, wala hazitoki mkononi kwenda mkononi. Wauguzi vijana huona haya kama dalili za kuibiwa, wakakimbilia kwa msimamizi. Mara nyingi ni mazoea tu ya mtu aliyeishi na polisi waliokuwa na orodha za majina. Mwaka 2017 serikali ilifuta hukumu zile na kuahidi fidia: yuro 3,000 kwa kila hukumu, na 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo ulioanza. Wapo ambao hawakuomba kabisa, kwa sababu kuomba maana yake ni kujaza fomu yenye jina lako na kosa lako.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wasiojua hukosea zaidi.

Mgeni akisikia "mzee Mjerumani" hufikiria tajiri. Mkaazi ambaye pensheni yake haitoshi kulipia nyumba ya wazee hulipiwa pengo na ofisi ya ustawi wa jamii, na mkononi anabakiziwa yuro 152 na senti moja kwa mwezi. Hizo ndizo za kinyozi, simu, sigara, keki ya Jumapili na mchango wa dawa. Nyumba nyingi humtunzia mkaazi pesa hizo ofisini, akitaka 60 anatia saini, na karani anajua, na kesho ghorofa nzima inajua. Mtu anayefanya kazi ya kampani ya faragha kwa utaalamu hutoza zaidi ya yuro 100 kwa saa, na hilo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mzee wa aina hii anaweza kumudu saa moja kwa mwezi, akiacha keki. Ukimwona mkaazi amekaa wiki tatu bila kununua chochote, kisha siku moja amenyolewa na kuvaa shati la pasi, usimuulize mbele ya watu.

Anayeishi kwake ana nafasi kubwa zaidi, lakini lazima ajue mlango wa kugonga. Aliyepewa Pflegegrad, yaani daraja la kuhitaji utunzaji, lolote kuanzia 1 hadi 5, na anayeishi nyumbani, ana yuro 131 kwa mwezi kutoka bima ya utunzaji kwa ajili ya kupunguziwa mzigo. Zinaweza kumlipa mtu wa kumpeleka matembezini, kunywa naye kahawa, kumsomea gazeti. Hazilipwi mkononi: unatumia kwanza, unapeleka risiti, na mtoa huduma lazima awe amekubaliwa na jimbo. Akitoza yuro 35 kwa saa, unapata saa tatu na robo tatu hivi kwa mwezi. Zisizotumika husogea mbele hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, kisha zinapotea, na zinapotea nyingi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Wewe waambie.

Anayetaka mtu huyohuyo kila wiki amsajili kwa Minijob-Zentrale, ofisi ya ajira ndogondogo. Mwaka 2025 kikomo cha mshahara ni yuro 556 kwa mwezi, kuanzia Januari 2026 ni 603. Mwajiri anaongeza karibu asilimia 15 ya michango, na asilimia 20 ya gharama inarudi kwenye kodi, mradi isizidi yuro 510 kwa mwaka. Faida kubwa ni bima ya ajali. Mgeni akiteleza kwenye ngazi, nani atamlipia mguu? Bila usajili, huenda akadaiwa mzee mwenyewe.

Upo pia msaada mwingine. Schwulenberatung Berlin, shirika la ushauri kwa mashoga, wana nyumba mtaa wa Niebuhrstraße tangu 2012, wazee na vijana wanaishi pamoja, na ndani yake kuna makaazi ya wanaume wanane wanaohitaji utunzaji, wengi wamepoteza kumbukumbu. Nafasi hazitoshi, foleni ni ndefu.

Kuhusu kampani inayofika kitandani, sheria ya huku haifichi macho. Tangu 2002 malipo yaliyokubaliwa ni deni halali linalodaiwa mahakamani. Tangu Julai 2017 anayeifanya kazi hiyo anatakiwa kujiandikisha, kupata ushauri wa afya kila mwaka na kubeba cheti kinachodumu miaka miwili, na anaweza kuomba cheti chenye jina la kazi badala ya jina lake halisi. Kondomu ni lazima, na amri hiyo ikivunjwa anayetozwa faini ni mteja, hadi yuro 50,000. Hata hivyo wengi hawajiandikishi, hasa wageni wanaoogopa jina lao kuingia kwenye mafaili. Sheria iliyotungwa kuwalinda imewafanya baadhi yao wajifiche zaidi. Hayo ni maoni yangu, lakini waulize wenyewe.

Makubaliano mazuri nayajua hivi: bei, muda na kilichomo ndani ya muda huo vinasemwa kabla mgeni hajavua koti. Pesa inatolewa mwanzoni, ikahesabiwa, ikasahaulika. Mzee akisinzia, muda unaenda. Mgeni akichelewa, muda unafidiwa. Hakuna kukopeshana. Hakuna "nitangulizie ya mwezi ujao". Pochi na kadi ya benki vinakaa kwenye droo yenye ufunguo, na ufunguo uko kwa mzee. Hapo mgeni anajua kazi yake inaisha saa ngapi, na mzee hana haja ya kujifanya anapendwa.

Kinachowamaliza wazee wetu ni kile kingine, kisicho na bei. Mtu anakuja kama "rafiki", hadai kitu. Mwezi wa pili simu yake imevunjika. Mwezi wa tatu kodi ya nyumba. Kisha anajua namba ya siri ya kadi, kisha inatajwa Vollmacht, yaani hati ya uwakili, na mwisho wasia. Kila hatua ni ndogo kuliko aibu ya kukataa, na anayekataa anaonekana ndiye aliyeleta habari za pesa kwenye urafiki. Ukijumlisha mwaka mzima, huyu asiye na bei ni ghali kuliko mwenye cheti.

Wengine huoana, na tangu tarehe 1 Oktoba 2017 wanaruhusiwa. Mimi sioni ubaya. Wanaume wasio mashoga wamekuwa wakioa wauguzi wao tangu zamani na hakuna aliyetoa hotuba. Hesabu ni hii: asiye ndugu akipewa zaidi ya yuro 20,000 ndani ya miaka 10, kodi ya zawadi huanza asilimia 30, lakini wenye ndoa wanasamehewa hadi 500,000. Kuhusu pensheni ya aliyefiwa, ndoa isiyotimiza mwaka mmoja inachukuliwa kuwa ilifungwa kwa ajili ya pensheni, mpaka aliyebaki athibitishe vinginevyo. Waliopoteza wapenzi wao kwa ukimwi miaka ya themanini na tisini hawakupata hata senti ya pensheni hiyo, na wengi hawakupata hata jina kwenye tangazo la msiba. Ndiyo maana wengi sasa wako peke yao.

Na siku hizi yote yamehamia kwenye simu. Zamani ulikaa baa karibu na Nollendorfplatz, ukanunua bia mbili, ukamtazama mtu usoni kabla ya kukubaliana. Sasa mzee anaandikiwa na picha. Anayemwandikia hapigi simu ya video, kamera yake "mbovu". Baada ya wiki chache anaomba picha za faragha, kisha linakuja tishio: lipa, au tunazituma kwa dada yako na kwa kanisa. Malipo yanadaiwa kwa kadi za zawadi, maana ni vigumu kuzifuatilia. Dawa yake ni asilipe hata mara moja, asifute mazungumzo, apige picha za skrini, aripoti. Polisi wa Berlin wana maafisa maalumu wa mambo haya, na shirika la Maneo huwasaidia mashoga waliodhulumiwa. Mzee atakwambia polisi hapana. Mpe muda, usimlazimishe, mwambie tu kifungu kile hakipo tena.

Kwetu bado kipo. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya jinai vinavyowabana mashoga tarehe 24 Mei 2019, na kule pwani mchezo unachezwa kwa njia ileile ya Berlin ya 1960: mtu anakuita chumbani, wenzake wanaingia, simu inachukuliwa, M-Pesa inakamuliwa, na huwezi kwenda kituoni kwa sababu wewe ndiwe utakayewekwa ndani. Wanaosema tabia hii imeletwa na wazungu wangetazama hiyo sheria imeletwa na nani.

Sasa kazi yako. Bisha hodi, subiri ujibiwe. Mlango uliofungwa ni wa mkaazi. Unayoyaona chumbani yanafungwa na sheria ya usiri, na wewe mwanafunzi imo. Kwenye ripoti andika yanayohusu utunzaji: amekula, ameanguka, ana jeraha. Usiandike "alitembelewa na yule mwanamume". Ukiona mchubuko, kadi imepotea, au hofu mgeni anapoingia, hapo nenda kwa Pflegedienstleitung, yaani mkuu wa wauguzi, siku hiyohiyo. Aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi ana msimamizi aliyewekwa na mahakama, na tangu Januari 2023 msimamizi anatakiwa kufuata matakwa ya mwenyewe, si ya wapwa zake wanaosubiri nyumba. Lakini kwa asiyeweza tena kukubali au kukataa, kampani ya kitandani ni marufuku, aje yeyote. Hilo halina mjadala.

Jambo moja lishike kuliko yote. Wazee wengi wa moyo wana dawa za naitreti, zile za kupuliza chini ya ulimi. Mgeni anapokuja, baadhi humeza kwa siri sildenafili, kidonge cha nguvu za kiume. Viwili hivi vikikutana, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Ukimkuta analalamika kifua, muulize waziwazi kama amemeza kitu, na lini. Naitreti haipewi kabla ya saa 24 kupita tangu sildenafili, na 48 kama ni tadalafili, kidonge cha aina hiyohiyo. Mwambie daktari wa dharura mapema, kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mgeni kama mwizi. Chupa ndogo za kunusa zinazouzwa maduka ya mashoga ni ndugu wa naitreti, nazo ziulizie.

Na wewe mwenyewe usichukue pesa ya mkaazi, hata kidogo. Sheria za nyumba za wazee zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi au urithi. Chokoleti ya Krismasi hakuna atakayekufuata, ila mwambie msimamizi. Noti mrudishie mwenyewe mbele ya mwenzako, mkiwa wawili, na iandikwe.

Cheti cha kuzaliwa na cha shule vipeleke vikatafsiriwe mapema, viza haingoji mtu. Nitapiga simu Jumapili jioni saa za huko. Mama'ako akiwa amenuna, mpe simu hivyohivyo.

Mjomba wako