Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara wa Kaunti ya Mombasa: Mwachie mzee leseni yake

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum.

Hunijui, ila karatasi zangu zimepita kwenye meza za idara yako. Mimi ni muuza mahamri wa Majengo. Kila mwaka nalipia leseni, na wapishi wangu wawili nawalipia vyeti vya afya. Leseni yenyewe nimeitundika ukutani juu ya jiko, ndani ya nailoni, na moshi umeila hata tarehe haisomeki vizuri. Nakuandikia kwa ajili ya lile ombi ambalo watu wanazunguka nalo wakitafuta sahihi, wakitaka umnyang'anye leseni mzee mmoja mwenye hoteli ya biriani hapa kisiwani. Mimi pia waliniletea. Walidhani nitakuwa wa kwanza kushika kalamu. Sikutia sahihi, na nataka ujue kwa nini, maana katika watu aliowaumiza mzee huyo, mimi ni mmoja.

Maneno yake bila shaka umeshayasikia. Alikuwa harusini kwa mpwa wake, akapewa nafasi awausie maharusi, akasema kwamba mahali pa mwanamke aliyeolewa ni nyumbani, kwamba kazi za nje ndizo zinazovunja ndoa, na kwamba mke haachwi ila ana kasoro. Wapo waliocheka, wapo walioitikia. Mtu akarekodi, na kufikia asubuhi video ilikuwa kwenye kila simu.

Mimi niliachwa nikiwa na watoto wawili, mdogo hajatimiza mwaka. Eda nilikaa nyumbani kwa mamangu. Ilipokwisha nikaanza kukanda unga saa tisa za usiku, kwa sababu hakukuwa na wa kunipa. Matumizi ya watoto niliyapigania mbele ya kadhi. Binti yangu sasa ana miaka 13. Video aliionea kwenye simu ya jirani. Jioni hiyo nilikuwa nachambua mbaazi, akaja akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaniuliza, "Mama, wewe kasoro yako ilikuwa gani?"

Niliendelea kuchambua. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini hakuna hata moja ambalo ungemtwika mtoto.

Kesho yake mzee sikumpelekea mahamri. Kwa miaka sita nilikuwa nikimpelekea 150 kila alfajiri, yakafika yangali ya moto. Nilimpigia simu nikamwambia, "Ami, mimi na wewe kwa sasa basi." Akauliza sababu, nikamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kila mtu na riziki yake. Shilingi 1,200 kwa siku si pesa ndogo kwa mtu wa jiko la mkaa, na pengo lake naliona kila jioni ninapohesabu. Lakini ni uamuzi wangu, kwa mahamri yangu, na sikuomba ruhusa ya mtu. Anayetaka kula kwake na ale, anayetaka kupita na apite.

Uwezo ulio mkononi mwako, Mheshimiwa, si wa namna hiyo. Afisa wa afya alipokuja kwangu mara ya mwisho alitazama kucha zangu, akafunua pipa la maji akachungulia ndani, akauliza taka nazipeleka wapi, akataka kuona vyeti. Hakuniuliza kama nimeolewa au nimeachwa, wala naionaje ndoa. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara na kuwasimamia wanaouzia umma chakula. Hiyo ni kazi ya pipa la maji. Mzee kama ana mende jikoni, mfungie leo hii. Kama nyama yake imelala, mfungie. Kwa alichosema harusini, leseni haihusiki.

Wanaokuletea ombi watakwambia amewatusi wanawake. Nami nasema ametutusi, na nimeumia. Ila nimeisikiliza ile video mara nne nikitafuta mahali alipomchochea mtu ampige mkewe au amdhuru aliyeachwa, sikupaona. Ibara ya 33 ya Katiba inatupa sote uhuru wa kusema, na inauwekea mpaka kwenye uchochezi na matamshi ya chuki. Ibara ya 32 inamlinda mtu na imani yake na maoni yake. Haikuandikwa pale kwamba maoni yawe ya kumpendeza muuza mahamri wa Majengo.

Tazama basi mji wetu ulivyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote tano unazikuta Mombasa, pengine kwenye mtaa mmoja. Ukiingia Marikiti kununua iliki na mdalasini, anayekupimia anaweza kuwa mtu ambaye dini yake haimruhusu mke wa pili, na anayekubebea kikapu ana wake wawili Kilifi kwa mila za kwao. Mkatoliki anaamini ndoa ya kanisani haivunjwi na binadamu, mimi naamini talaka ipo na Mungu ameihalalisha. Kila mmoja wetu, ukimsikiliza hadi mwisho anavyosema kuhusu ndoa, atamuudhi jirani yake. Na si sisi tu wa sokoni. Sheria hiyo ilipokuwa ikijadiliwa, wabunge wanawake walitoka Bungeni kwa hasira baada ya kuondolewa sharti la mke wa kwanza kushauriwa kabla mume hajaoa mwingine. Wakubwa wenyewe hawakuelewana.

Mimi nina maneno yangu kuhusu wanaume wanaoongeza mke wa pili na wa kwanza hajalipiwa kodi ya nyumba. Nimeyasema kwenye chama chetu cha kina mama, na siku moja nimeyasema kwa sauti kituoni mbele ya watu. Wapo waliokasirika wakasema naipinga dini. Mwaka huu ukimfungia mzee kwa sababu sahihi zimekuwa nyingi, mwaka ujao atakuja waziri mwingine, na sahihi nyingine, na safari hiyo hoteli itakayofungwa ni ya mwanamke.

Haya yameshawahi kutokea kwingine. Mwaka 2012 kule Marekani, Dan Cathy, mkuu wa kampuni ya kuku wa kukaanga ya Chick-fil-A, alijitokeza akasema kampuni yao inasimama na familia kama inavyoelezwa na Biblia, akazipinga ndoa za jinsia moja. Mada yao si yetu, lakini sikiliza kilichofanyika. Meya wa Boston, Thomas Menino, aliiandikia kampuni akiitaka isifungue hoteli mjini kwake. Chicago, diwani mmoja alisema atazuia kibali katika eneo lake, na Meya Rahm Emanuel akaongeza kwamba maadili ya kampuni ile si maadili ya Chicago. Waliosimama kuwapinga hawakuwa wafuasi wa Cathy peke yao. Michael Bloomberg, meya wa New York aliyekuwa akiziunga mkono hizo ndoa, alisema si kazi ya serikali ya mji kuchungulia maoni ya mwenye duka kabla ya kumpa kibali. ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia ambalo kwenye suala la ndoa lilikuwa upande wa pili kabisa, nalo likasema vivyo hivyo. Menino mwenyewe alikuja kukiri kwamba hana uwezo kisheria wa kuwazuia. Wakati huo, Agosti 1, watu walipanga foleni kwenye hoteli hizo nchi nzima kumuonyesha Cathy wako naye.

Foleni hiyo nami nimeshaiona hapa. Ijumaa baada ya ombi kuanza kuzunguka nilipita nje ya hoteli ya mzee na ndoo zangu. Watu walikuwa wamejaa hadi barazani, wengine wamesimama na sahani mkononi, vijana ambao sijawahi kuwaona mtaa ule. Hawakufuata biriani. Wanaambiwa mzee anaonewa, nao wamekuja kumtetea. Siku utakayopiga kufuli mlango ule atakuwa shujaa, na sisi tulioachwa tutaitwa wanawake waliofunga hoteli ya mzee wa watu. Binti yangu atalisikia hilo naye.

Na jikoni, Mheshimiwa, umewahi kuingia? Mimi nilikuwa nikipitia mlango wa nyuma kila siku. Kuna ukumbi mwembamba wenye bomba moja, na wanawake watano sita wamekaa kwenye vibao wanamenya vitunguu, kanga zimefungwa kifuani, macho mekundu. Wawili kati yao ni watalaka kama mimi. Mmoja analipa karo ya shule ya upili kwa mshahara wa pale pale. Huyu mzee anayesema mahali pa mwanamke ni nyumbani, biriani yake inapikwa na wanawake waliotoka majumbani, na wengine ndio aliowaajiri walipokuwa hawana pa kushika. Sijui yeye mwenyewe anayapatanishaje hayo mawili. Nitakachosema ni kwamba ukifunga hoteli, yeye ana nyumba za kupangisha. Wao hawana.

Kuna jambo moja kwenye ombi lile ambalo sitaki ulipuuze, na laiti wangeliandika peke yake ningetia sahihi kwa mkono wa kulia. Inasemekana wasichana wanaohudumia mezani huambiwa wakiolewa kazi imekwisha. Mimi sikulishuhudia. Lakini kama ni kweli, hapo hatuzungumzi tena juu ya maoni. Ibara ya 27 inakataza mtu yeyote, si serikali tu, kumbagua mwenzake kwa jinsia yake au kwa hali yake ya ndoa. Mwulize mzee hilo. Waulize wasichana, na uwaulize yeye akiwa hayupo. Ikithibitika, lipeleke kwa afisa wa leba, na wasichana waonyeshwe njia ya Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi, ambayo iko hapa hapa Mombasa. Vivyo hivyo siku akikataa kumuuzia mwanamke chakula kwa kuwa hana mume, nipigie mimi nije nishuhudie. Hadi leo, kwa nilivyoona, pale kila mwenye pesa yake huletewa sahani.

Na hata ukiamua vingine, usiamue kimyakimya kwa kumcheleweshea karatasi zake, leo faili haionekani, kesho mkubwa ametoka. Ibara ya 47 inampa haki ya kutendewa kwa utaratibu, na ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Mwite, msikilize, umwandikie. Sisi wafanyabiashara wadogo tunaogopa faili isiyoonekana kuliko hata kufungiwa, kwa sababu aliyefungiwa ana barua ya kupeleka mahakamani.

Waliokuja na ombi nimewaambia haya ana kwa ana. Wawili ni rafiki zangu, mmoja hanisemeshi tangu siku hiyo. Naelewa hasira yao kwa kuwa ninayo mwenyewe. Niliwaomba tufanye jingine: tumwandikie mzee, sisi tulioachwa, kila mmoja aeleze yaliyomtoa kwa mumewe, tumpelekee pale pale kaunta. Wanne wamekubali. Barua yangu naiandika usiku nikisubiri unga uumuke.

Leseni yangu ikifika mwisho nitakuja kuilipia kama kawaida. Kuhusu mahamri, mzee nambari yangu anayo. Akitaka kuja kuzungumza na binti yangu, kwa mamangu anapajua, na mchana mlango huwa wazi.

Wako,
Muuza mahamri,
Majengo, Mombasa