Salamu za Krismasi kwa Mnaolea Peke Yenu

Mama unayelea peke yako, na wewe baba uliyebaki na watoto, heri ya Krismasi.

Nimewaandikia ninyi kwa sababu Desemba inawachosha kuliko wengine, na wengi mnachoka kimyakimya. Wiki hii saluni za mitaani zimefurika. Mama anakaa kwenye benchi tangu asubuhi, binti wa kwanza anasukwa, kisha wa pili. Zamu yake ikifika, hela iliyobaki ni ya nauli. Anajifunga kitambaa kichwani, wanaondoka. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi mtu mzima, haina shida." Shida ipo, dada yangu. Watoto wanaona ni nani anayerukwa kila mara humo ndani.

Vikoba vingi, vile vikundi vyetu vya kuweka akiba, vimevunjwa mwezi huu, na mgawo haujapoa mkononi kila mtu ana lake la kuomba. Hapa Tanzania shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari ya Januari ni juu ya mzazi, na kwako mzazi ni mmoja. Basi nunua madaftari kwanza, uyafungie kabatini. Gauni la mwaka jana likiwa bado linamtosha, lifue, lipige pasi, alivae. Kisha tenga kidogo chako, hata kama ni cha kusuka nywele mtindo wa twende kilioni.

Mnaosafiri kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya mnalijua swali linalowasubiri: "Baba yao mbona hukuja naye?" Hudaiwi maelezo. "Shikamoo shangazi, tumekuja sisi," halafu mkabidhi watoto. Huko ndiko kwenye mikono: bibi, wajomba, mabinamu. Waache wawaogeshe, wawalishe, wawagombeze. Wewe kalale mchana kutwa, wala usiombe radhi. Kulea ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Mjini ndiko tulikomwachia mtu mmoja.

Akina baba, ninyi hata kuulizwa kama mmelala hamuulizwi. Jirani akileta sahani, pokea. Akijitolea kuwachana mabinti nywele, wapeleke.

Na kuna ambao watoto wao watakula sikukuu kwa mzazi mwenzao. Nyumba inapooza, najua. Usijifungie ndani. Nenda ibadani, pitia kwa rafiki mle pilau pamoja, jioni mpigie mwanao umsikilize akusimulie, bila kumpekua habari za huko. Machozi yakija, yaache yatoke. Nayo ni sehemu ya kupumzika.

Wewe unayesoma salamu hizi mkiwa wawili nyumbani, nina ombi kwako. Tarehe 26 mwambie mama wa mlango wa pili awalete watoto wacheze na wako mpaka jioni. Mwambie mapema, ili ajue siku hiyo ni yake.